Kabla ya Msasa

Watu waliomo katika kisa hiki nimewatunga. Gari, rangi na makosa sikuyatunga. Land Rover za namna hii zingalipo kusini mwa Tanzania, na wanaoziharibu mara nyingi ni watu wanaozipenda.

Chilangala, upande wa Newala, alikuwapo mzee mwenye Land Rover Series IIA, ile ndefu ya inchi 109, yenye milango minne ya pembeni na paa la bati mbili ambalo kiwanda kilitengeneza kwa ajili ya nchi za joto. Taa zake za mbele zilikuwa bado zimekaa katikati, kwenye wavu wa rejeta. Aliyeyajua magari hayo alitambua mara moja kwamba lilitoka Solihull, Uingereza, kabla kiwanda hakijazihamishia taa kwenye madigadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Mzee alilipata kwenye mnada wa mali chakavu za Serikali. Tangu hapo lilibeba korosho kwenda ghalani, mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho, makopa ya muhogo, maharusi, maiti, na wajawazito waliokimbizwa hospitali ya Newala usiku wa manane.

Kwa juu lilikuwa la buluu, rangi ya nyumba, iliyopakwa kwa brashi. Palipobanduka buluu palionekana kijivu, na palipobanduka kijivu palionekana kijani kilichokolea. Kwenye mlango wa dereva, asubuhi jua likiwa bado chini, herufi zilijitokeza chini ya buluu kwa unene wake. Lilikuwa jina la idara iliyokuwa na gari kabla ya mnada, limeandikwa kwa mkono na fundi wa mabango. Watoto wa nyumba ile walilisoma kwa vidole.

Mjukuu wa mzee alikuwa na kazi Dar es Salaam. Huko alikutana na bwana mmoja anayekusanya Land Rover za zamani, akaambiwa kwamba gari la babu yake lingenunuliwa kwa bei nzuri iwapo lingerejeshwa katika hali liliyotoka nayo kiwandani. Maneno hayo kijana aliyaelewa kama wengi wetu tunavyoyaelewa: gari ling'ae.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kulichukua?"

"Kulitengeneza, babu. Litarudi jipya kabisa."

"Jipya mimi silijui. Nilipolipata lilikuwa na umri wake tayari."

"Utalifurahia, babu."

Mzee akatoa ufunguo. Msimu wa korosho ulikuwa bado, gari lilikuwa limekaa tu, na kijana alikuwa amesafiri njia nzima kwa ajili yake.

Gereji ilikuwa Newala mjini, na fundi rangi alikuwa mtu hodari. Nalisisitiza hili kwa sababu visa vya aina hii hupenda kumlaumu fundi. Fundi huyu aliweza kunyoosha mlango wa basi ukarudi usijulikane uligongwa wapi. Aliambiwa atoe rangi yote, anyooshe kila penye wimbi, apige rangi ya kijani, gari ling'ae, na kazi iishe kabla ya minada ya korosho. Yote hayo akayafanya. Hakuna aliyemwambia asome kwanza kilichokuwa mbele yake.

Juu ya uwanda wa Makonde maji ni ghali. Hupandishwa kwa pampu kutoka mabondeni, likiwamo bonde la Kitangari, na gereji hununua kwa dumu. Msasa wa maji unataka maji mengi na siku nyingi, hivyo kazi ilianza kwa grenda. Kwa siku chache buluu, kijivu, kijani na jina la mlangoni vikawa vumbi uwanjani.

Vumbi hilo lenyewe linahitaji kusemwa, kwa kuwa ni jambo kubwa kuliko gari. Rangi nyingi za zama zile zilitiwa risasi, sumu inayodhuru ubongo wa mtoto kuliko wa mtu mzima, na watoto hucheza karibu na gereji zetu. Msasa wa maji hulituliza vumbi. Grenda hulipeperusha hadi kwenye vyombo vya mama ntilie wa jirani. Baadaye fundi alipopuliza rangi ya kisasa ya kuchanganywa na hadina, alijifunga puani kitambaa kile kile alichokuwa amejifunga wakati wa grenda. Hadina hizo zina kemikali za isosaineti, na kitambaa hakizizuii hata kidogo. Mtu huvuta leo, akavuta kesho, na siku moja kifua kinabana na hakirudi tena kuwa kama zamani. Mwenye gari anayeweza kulipia rangi ya bei kubwa anaweza pia kumnunulia fundi wake barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Hilo liwe kwenye hesabu ya kwanza kabisa.

Turudi kwenye gari. Sehemu kubwa ya bodi ya Land Rover hizi si ya chuma, ni ya aloi ya alumini na magnesi iitwayo Birmabright. Gari la kwanza lilipooneshwa Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, Uingereza ilikuwa bado inagawa chuma kwa mgao baada ya vita, ilhali alumini ilipatikana. Alumini hiyo ni laini. Grenda huipasha joto, nayo hujikunja na kubaki na mawimbi. Fundi aliyaona mawimbi aliyoyaleta mwenyewe, akayafunika kwa puti. Puti ilipokauka akaisawazisha, na katika kusawazisha akafunika pia safu za vishimo vidogo vilivyokuwa ubavuni mwa bodi, ambavyo aliviona kuwa kasoro. Juu yake akapiga praima ya kawaida, halafu kijani chenye chembe za kumetameta kilichochanganywa dukani kwa kutazama picha ya simu, halafu rangi angavu ya juu, tabaka kadhaa. Kingo za bodi zilizokuwa za chuma cha zinki akazipaka nyeusi. Bampa nyeusi. Chesi akaipulizia kijani, pamoja na mipira ya breki iliyopita juu yake. Kibati cha namba ya chesi nacho kikapata kijani.

Gari lilipotoka uwanjani watu walisimama kulitazama. Kila aliyepita alijiona usoni mwa gari.

Bwana wa Dar es Salaam alikuja mwenyewe. Alimwamkia mzee, akakaa, akanywa chai, kisha akaomba ruhusa ya kulitazama gari. Hakuanzia mbele. Alichuchumaa kwenye ubavu wa nyuma, akapitisha kiganja juu ya bodi, akauliza, "Zile alama za spoti ziko wapi?"

Fundi akasema, "Nimezisawazisha, mzee."

Vile vishimo havikuwa kasoro. Ndipo mashine ya kuunganishia ilipobana bati mbili pamoja kule Solihull, na kiwanda hakikuvificha, kwa kuwa gari lilikuwa la kazi na hakuna aliyelipwa kuvificha. Land Rover ya namna hii yenye ubavu mtupu, laini mwanzo hadi mwisho, haijawahi kutoka kiwanda kile.

Akagusa kingo. Zilipaswa kuwa za kijivu cha zinki, zisizopakwa chochote. Bampa vivyo hivyo. Zinki ile ndiyo iliyokuwa kinga ya chuma dhidi ya kutu, na kwa aliyezoea, mistari hiyo ya kijivu isiyong'aa inayozunguka kijani ndiyo sura ya gari. Akatazama paa na rimu: kijani. Magari mengi ya namna hii yalitoka na paa na rimu za rangi ya Limestone, nyeupe iliyofifia kidogo kuelekea manjano, na paa jeupe juani lina kazi yake, kama ajuavyo yeyote aliyesafiri kutoka Masasi kwenda Mtwara saa nane mchana. Akafungua boneti, akakuta hata upande wa ndani unameremeta kama wa nje. Akatafuta namba ya chesi, akakuta kibati kimezibwa.

Mwisho akasimama kando na kuitazama rangi yenyewe. Kijani cha Land Rover za miaka ile, Bronze Green, hakina chembe za kumetameta wala tabaka angavu juu yake. Ni rangi nzito iliyopigwa moja kwa moja, yenye mng'ao wa wastani, na ukiitazama karibu uso wake una vinundu vidogo kama ganda la chungwa. Katika orodha ya Waingereza ya BS 381C, Deep Bronze Green ni namba 224, na chanzo hicho kingemfikisha mchanganyaji karibu sana.

"Picha za kabla mnazo?" akauliza.

Ilikuwapo moja, ya harusi. Gari lilionekana nusu, limefunikwa maua.

Hakulinunua. Alisema kwa upole kwamba kazi ni ya mkono mzuri, lakini yeye alikuja kununua gari lililokuwapo Chilangala, na hilo halikuwapo tena. Mzee hakusema neno. Alizunguka hadi kwenye mlango wa dereva, akapitisha vidole pale jina lilipokuwa.

Masika yaliyofuata rangi ilianza kuinuka. Alumini haishiki praima ya kawaida. Inataka praima maalumu yenye asidi inayong'ata uso wa metali, la sivyo rangi hukaa juu yake bila kushikamana. Ilianza kwenye kingo, pale alumini inapokutana na chuma, kwa kuwa metali hizo mbili zikilowa pamoja alumini huliwa. Maji yalipata njia, rangi ikatoka vipande vipana kama kiganja.

Wamarekani walipita njia hii mapema kuliko sisi. Wenye magari yenye injini kubwa ya miaka ya 1960 na 1970, kina Pontiac GTO, Dodge Charger na Chevrolet Corvette, walishindana kwa muda mrefu kuyang'arisha kuliko yalivyopata kung'aa. Kisha baadhi yao wakaanza kuuliza swali gumu zaidi: gari lilitokaje kiwandani hasa? Chama cha warejeshaji wa Corvette, National Corvette Restorers Society, kilianzishwa 1974, na waamuzi wake hulipima gari kwa namna kiwanda kilivyolitoa kwa kawaida. Corvette za kiwanda cha St. Louis kwa kawaida zilipigwa lakiri bila tabaka angavu juu yake. Utaratibu wa rangi ya chini na tabaka angavu ulikuja na kiwanda cha Bowling Green mwaka 1981. Ukilileta gari la 1967 likiwa na uso wa kioo, unapunguziwa alama. Wamefika hata kwenye mambo ambayo mtu wa pembeni angedhani ni uchafu: maandishi ya chaki na penseli ya nta yaliyoachwa na wafanyakazi kwenye ukuta wa injini, vidoa vya rangi kwenye springi na ekseli vilivyoonesha kifaa kipi kiende kwenye gari lipi, praima nyekundu iliyobaki wazi chini ya sakafu, ukungu wa rangi uliopeperukia mahali usipokusudiwa. Kabla ya kusafisha hupiga picha, hupima, hunakili kwenye karatasi ya kupitisha mwanga, halafu baada ya rangi mpya hurudisha kila alama mahali pake.

Nawaheshimu kwa subira hiyo. Lakini wapo wanaonunua vielelezo vya alama hizo na kuziweka kwenye gari ambalo halikuwa nazo, kwa kuwa gari la fulani lilikuwa nazo. Hapo urejeshaji unakuwa uongo. Alama iliyonakiliwa kutoka gari lako ni ushahidi. Iliyoazimwa kwa gari la mwingine ni pambo. Kama hukuiona, acha mahali pake patupu.

Kuna swali jingine ambalo Wamarekani hawawezi kutujibia. "Kama lilivyotoka kiwandani" ni siku moja tu katika maisha ya gari. Land Rover ya Chilangala iliishi Solihull kwa muda mfupi sana na Newala kwa miongo. Kijani chake ni cha Uingereza, ila jina lililoandikwa mlangoni ni historia ya utumishi wa nchi hii, na buluu ya brashi ni historia ya familia moja iliyopaka rangi iliyopatikana dukani wakati hakuna nyingine. Kwa nini siku ya kiwandani iwe na haki kuliko siku hizo nyingine? Kwangu, kama gari limeharibika kiasi kwamba hakuna njia ila kuanza upya, basi kiwanda kifuatwe kwa uaminifu. Lakini kama rangi ya zamani bado imeshika, hata kwa mabaka, naona ni dhambi kuitoa.

Wenyewe waliolitengeneza wamefika huko. Mwaka 1948 Land Rover kadhaa za majaribio zilipelekwa Amsterdam kwa onesho lile la kwanza. Mojawapo ilipotea machoni pa watu, ikaja kuonekana imeachwa bustanini kilomita chache kutoka kiwandani. Januari 2018 kampuni ilitangaza kwamba italirejesha gari hilo, na ikaahidi kuhifadhi uchakavu wa vifaa vyake vya asili, pamoja na rangi ya kijani hafifu iliyopigwa 1948. Na hapa kwetu, Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 kwa Datsun 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi. Nissan inalitunza gari lile Japani. Injini imefanyiwa kazi, ila mikunjo ambayo barabara zetu zilitia kwenye bodi haijanyooshwa.

Sasa, kijana angefanyaje? Angeanza kwa kuosha, maji na sabuni laini, na kuacha msasa dukani. Angepiga picha kila upande akiwa ameegesha kivulini, karatasi nyeupe ikiwa imewekwa karibu na bodi ili rangi isidanganywe na mwanga, kisha picha nyingine jua likiwa limelala, linapoonesha herufi na vishimo. Halafu angeitafuta rangi ya kwanza mahali ambapo jua halikufika: chini ya viti, chini ya mpira wa sakafu, nyuma ya kibati cha namba, chini ya tairi la akiba, nyuma ya dashibodi. Kijani cha nje kilichopigwa na jua la miaka hamsini si kijani cha kiwanda, na mchanganyaji akipewa hicho atatengeneza rangi iliyokwisha zeeka. Apewe kifaa chenyewe, kifuniko kidogo kinachofunguka kwa bisibisi. Picha ya simu haifai kabisa kwa kazi hii. Kila kioo cha simu kina rangi zake.

Pale ambapo tabaka ni nyingi, angefungua dirisha dogo, upana wa kidole gumba, kwa msasa laini na kikombe cha maji. Kikombe kimoja, hata Newala, hakimfilisi mtu. Tabaka hutokea moja ndani ya nyingine kama duara: buluu, kijivu, kijani, praima, metali. Hapo gari limesimulia mpangilio wake wote, na duara hilo hupigwa picha na kuandikiwa. Angeorodhesha pia visivyopakwa kamwe: kingo za zinki, bampa, kibati cha namba, mipira ya breki, na kibati cha wakala kama kipo, kwa mfano cha Cooper Motor Corporation, iliyoyauza magari haya Afrika Mashariki. Fundi akiwa na orodha hiyo mkononi, yule yule mwenye mkono mzuri, angefanya kazi ambayo bwana wa Dar es Salaam asingeiacha.

Mlango wa dereva ungeachwa kama ulivyo.

Kwa gari lililokwisha kusuguliwa hadi metali, ushahidi uliobaki uko kwa watu. Madereva wa idara za zamani, waliostaafu, bado wapo Newala, Nanyamba, Masasi na Nachingwea, na wengi wana kumbukumbu nzuri zaidi ya gari kuliko ya mishahara yao. Mtu aende na daftari, aamkie, akae, aulize pole pole: paa lilikuwa na rangi gani ulipokabidhiwa? Rimu je? Jina mlangoni liliandikwa juu ya kitasa au chini yake, kwa nyeupe au kwa manjano? Nani aliliandika? Kijivu kilipigwa lini, na kwa nini? Una picha yoyote, hata iliyopigwa wewe umesimama mbele ya gari na kulificha nusu?